Kochi lililo ndani ya simu: uhalisia ulioongezwa ni kitu gani, na si kitu gani

Kila baada ya muda huzuka klipu ya namna hii kwenye makundi ya WhatsApp: chupa ya marashi yenye ukubwa wa ghorofa inaelea baharini, au mkoba mkubwa kuliko basi unajiendesha barabarani huku watu wakipita kando yake bila kushtuka. Anayeituma huandika, "AR hiyo, jamani," yaani uhalisia ulioongezwa. Mwingine hujibu kwamba ni akili mnemba. Wa tatu huapa kwamba aliye pale barabarani akiinua macho anakiona kitu chenyewe. Hapo mtu huuliza kama ndiyo ile ile ya kuwekewa masikio ya paka kwenye Snapchat, au ile ya kuelekeza simu kwenye msimbo wa QR ukaletewa menyu ya hoteli, na mazungumzo huisha kila mmoja akibaki na lake.

Mkanganyiko huu unawatoa watu pesa. Hapa Mombasa wenye maduka ya fenicha, wapambaji wa maharusi na wenye nyumba za wageni hufuatwa na watu wa matangazo wakaambiwa walipie "AR", na wengi hulipa bila kujua wananunua nini. Mmoja hulipia video, mwingine hulipia filta ya kupamba uso kwenye kamera, wa tatu hulipia msimbo tu wa kubandika ukutani, na wote hudhani wamepata kitu kimoja.

Uhalisia ulioongezwa, ambao wengi huuita AR kwa ufupi, ni teknolojia inayochukua mahali halisi ulipo, ikaongeza juu yake kitu kilichotengenezwa na kompyuta, na kukifanya kitu hicho kitulie mahali pake wewe unaposogea. Mwaka 1997 mtafiti Ronald Azuma aliweka masharti matatu ambayo bado wataalamu wanayatumia. La kwanza, kilicho halisi na kilichoongezwa vionekane pamoja. La pili, jambo litendeke papo hapo na likuitikie, si kitu kilichorekodiwa jana. La tatu, kilichoongezwa kifungwe kwenye mahali halisi kwa urefu, upana na kina, ili ukikizunguka ukione ubavu wake, na ukikikaribia kikue.

Mfikirie fundi cherehani anayekupima ukiwa umevaa kitambaa chako. Anachora kwa chaki pale mkono utakapokatwa na pale pindo litakapofika. Kitambaa ni chako na kipo. Mshono haupo bado. Lakini chaki imekaa mahali pake hasa, na ukigeuka inageuka nawe. Ndiyo kazi ya uhalisia ulioongezwa: kuchora kisichokuwepo juu ya kilichopo, na mchoro usiteleze.

Kwa hivyo ipo njia rahisi ya kupima madai ya mtu yeyote. Sogea. Ukipiga hatua mbili kulia, je, kitu kinabaki pale pale kwenye meza, kikikuonyesha upande wake mwingine? Kama ndiyo, huo ni uhalisia ulioongezwa. Kama huwezi kusogea kwa sababu unachotazama ni video aliyotumiwa kila mtu, basi sivyo.

Kwa kipimo hicho zile klipu zinaanguka mara moja. Mwaka 2023 kampuni ya mitindo ya Ufaransa, Jacquemus, ilitoa video ya mikoba mikubwa yenye magurudumu ikipita mitaani Paris, na mwaka huo huo Maybelline ikatoa ya treni ya London yenye kope zinazopakwa wanja na brashi kubwa iliyoning'inia kituoni. Watu wengi waliamini. Zote mbili zilikuwa video zilizopachikwa picha za kompyuta baadaye, kama filamu inavyotengenezwa. Aliyesimama mtaani Paris siku hiyo hakuona mkoba wowote, kwa macho wala kwa simu. Sasa kila mji una klipu zake za aina hiyo. Ukiona siku moja tembo wa dhahabu akipita chini ya zile pembe za Moi Avenue, jiulize kwanza kama kuna mtu aliyemwona kwa simu yake mwenyewe akiwa pale.

Ndugu wengine wa teknolojia hii ni rahisi kuwatenganisha. Uhalisia pepe ndio wa kuvaa kifaa kinachofunika macho kabisa: sebule yako inatoweka, unajikuta ndani ya mahali palipotengenezwa pote na kompyuta. Akili mnemba ni jambo jingine tena. Inaweza kuisaidia kamera kutambua uso au kiti, lakini yenyewe si mchoro unaouona. Msimbo wa QR, uliobuniwa mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave ya Japani kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, ni mlango tu: unaweza kukufungulia menyu, ukurasa wa malipo, au ukurasa wa uhalisia ulioongezwa. Na yale maonyesho ya msanii aliyefariki akiimba jukwaani kama mzimu, kama alivyoonyeshwa Tupac mwaka 2012, ni mwanga unaoakisiwa kwenye karatasi angavu, ujanja uliojulikana katika kumbi za London tangu miaka ya 1860.

Sasa tuone simu inavyofanya kazi hiyo, maana hapa ndipo mtu akielewa hadanganyiki tena.

Hivi majuzi nilikuwa kwa jirani yangu Kisauni, mama mtu mzima anayetaka kubadilisha makochi. Kijana wa duka la fenicha alikuja na simu badala ya katalogi. Akaielekeza sakafuni, akagusa skrini, kochi la rangi ya samawati likatokea. Lakini lilikuwa limeinuka kama shubiri moja kutoka chini, na kila kijana aliposogea nalo liliteleza kuelekea ukutani.

"Mwanangu, mbona kochi lako linaelea?" mama akauliza.

"Subiri kidogo, mama. Simu bado inatafuta sakafu."

Aliendelea kuizungusha simu, sakafu haikupatikana. Ni sakafu ya vigae vyeupe vinavyong'aa, vile ambavyo kila nyumba mpya inavitaka. Mwishowe mama akatandika mkeka wa miyaa wenye milia ya zambarau. Mara kochi likashuka, likakaa juu ya mkeka, na halikutikisika tena hata kijana alipolizunguka.

Kilichotokea ni hiki. Kamera ya simu haijui sakafu ni nini. Inachofanya ni kutafuta alama kwenye picha: pembe ya kitu, doa, mahali rangi moja inapokutana na nyingine. Inazishika alama hizo kwa mamia, na picha inayofuata inapokuja inatazama kila alama imehamia wapi. Alama za karibu husogea sana mkono unapotikisika, za mbali husogea kidogo. Kutokana na tofauti hiyo simu inakisia umbali wa kila alama, na ikikuta nyingi zimelala kwenye bapa moja inasema: hapa pana sakafu, au meza, au ukuta. Kigae cheupe hakina doa la kushika. Kibaya zaidi, kile kinachong'aa kinaakisi taa na dirisha, na mwako ule husogea kila unaposogea, kwa hivyo simu inashika alama ambayo yenyewe inatembea. Mkeka ulileta milia, nyuzi na kingo, mambo ambayo kamera inayapenda.

Bado kuna swali la ukubwa. Picha peke yake haiwezi kujua kama kile ni kochi la futi saba au la mwanasesere lililo karibu na kamera. Hapo ndipo vihisi vilivyo ndani ya simu vinapoingia, kimoja cha kupima mwendo unavyoongezeka na kupungua, kingine cha kupima simu inavyogeuka. Simu ikijua kwamba mkono umesogea sentimita ishirini, na ikaona alama fulani imehama kiasi gani kwenye picha, inaweza kupiga hesabu ya vipimo halisi. Ndiyo maana programu hizi hukuambia usogeze simu polepole kabla ya kuanza. Wengi hudhani ni mbwembwe za kungojesha, kumbe bila mwendo ule simu haina kipimo chochote. Baadhi ya simu za bei ya juu zina pia kihisi cha mwanga kinachopima umbali moja kwa moja, lakini nyingi tulizo nazo mikononi hazina.

Mama alizunguka kochi lake lile, akatambua jambo ambalo katalogi isingemwambia: mkono wa kulia wa kochi ungebana mlango wa jikoni. Akaamuru lisogezwe, likasogezwa kwa kidole. Mjukuu akapita mbele yake, akaonekana amekatwa nusu, kochi likiwa limemfunika ingawa yeye ndiye aliyekuwa karibu. Simu ile haikuweza kupima kwamba mtoto yuko mbele. Hilo ni kosa la kawaida na halipunguzi faida ya kifaa, lakini ni vizuri kulijua. Kisha mama akauliza swali la mnunuzi anayejua anachokifanya: "Na rangi ndiyo hiyo hiyo?" Kijana akasita. Jibu la kweli ni hapana. Rangi ya skrini inategemea skrini yenyewe, mwanga wa chumba na jinsi kochi lilivyopigwa picha. Akamwahidi kuleta kipande cha kitambaa. Hivyo ndivyo inavyopaswa: simu ikuonyeshe nafasi, kitambaa kikuonyeshe rangi.

Asili ya mambo haya si ya jana. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, alitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani kilichochora maumbo ya mistari hewani mbele ya mvaaji. Kilikuwa kizito kiasi cha kuning'inizwa kwenye dari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tom Caudell na David Mizell wa kiwanda cha ndege cha Boeing walitafuta namna ya kumwonyesha fundi njia ya kila waya wa ndege mbele ya macho yake, badala ya kutegemea mbao kubwa za michoro. Jina la teknolojia lilitoka huko. Mwaka 1998 watazamaji wa mpira wa Kimarekani kwenye televisheni walianza kuona mstari wa manjano uwanjani ambao wachezaji hawakuuona. Kilichoifikisha kwa umma ulimwenguni ni mchezo wa simu wa Pokémon Go mwaka 2016, na mwaka uliofuata Apple na Google zikatoa zana zilizowawezesha watengenezaji programu wa kawaida kuitumia kwenye simu ambazo watu tayari wanazo.

Lakini huenda umekwisha kuitumia bila kuijua. Baadhi ya magari yaliyotumika kutoka Japani yanayoshushwa bandarini kwetu huja na kamera ya nyuma. Ukiweka gia ya kurudi nyuma, skrini inaonyesha nyuma ya gari pamoja na mistari ya rangi. Kwenye magari mengine mistari hiyo haibadiliki hata ukikata usukani; hapo ni mchoro tu uliobandikwa. Kwenye mengine mistari hupinda kadiri unavyokata usukani, ikikuonyesha magurudumu yatapita wapi hasa. Mistari ile inayopinda ni uhalisia ulioongezwa kwa maana kamili: barabara ni halisi, njia ya gari haijapitwa bado, na mchoro unakuitikia papo hapo. Huna miwani, huna intaneti.

Ndivyo ilivyo pia ukielekeza kamera kwenye maandishi ya Kichina yaliyo kwenye kasha la spea na tafsiri ikakaa juu ya maandishi yale yale. Hospitalini katika nchi kadhaa kuna kifaa kinachomulika mkono wa mgonjwa na kuchora mishipa ya damu juu ya ngozi yake, muuguzi akajua pa kuchoma sindano. Ramani za Google nazo zina namna ya kukuonyesha mishale juu ya barabara unayoiona, lakini hiyo hutegemea picha za mitaa zilizopigwa kabla, kwa hivyo kwenye vichochoro vya Mji wa Kale muulize aliyeketi barazani.

Sasa matangazo, ambako ndiko pesa nyingi zinakokwenda. Mwaka 2014 Pepsi Max iligeuza ukuta wa kituo kimoja cha basi London kuwa skrini iliyoonekana kama kioo: aliyekaa akingoja basi aliona barabara halisi nyuma yake, na ghafla kimondo kikaanguka au chui milia akaja mbio. Tofauti na klipu za mikoba, hapa watu waliokuwepo walikiona kitu wakiwa pale pale. Mwaka 2017 IKEA ikatoa programu ya kujaribu fenicha nyumbani. Mwaka 2018 L'Oréal ikanunua ModiFace, kampuni ya kujaribisha rangi ya mdomo na nywele kwenye picha ya uso wako mwenyewe. Kampuni hizo hazikufanya hivyo kwa ajili ya kushangaza watu peke yake. Mnunuzi aliyeona kochi kwenye sebule yake ana swali moja pungufu, na mwenye duka ana kochi moja pungufu la kurudishiwa.

Kwa mpambaji wa maharusi faida ni ile ile, ila naomba hapa tuwe waangalifu. Filta nyingi za urembo hazipaki rangi ya mdomo tu. Zinang'arisha ngozi, zinapunguza pua, zinakuza macho, na hazikuambii. Bibi harusi mwenye ngozi nyeusi akijaribu rangi kwenye uso uliokwisha kufanywa mweupe, atachagua rangi isiyo yake, na siku ya siku ataona kioo kinamkana. Mpambaji anayetaka kuitumia achague programu inayobadilisha rangi pekee na kuuacha uso ulivyo, na amwambie mteja wazi ni kipi kimeguswa. Mimi hili naliona jambo la heshima kabla ya kuwa jambo la biashara. Wasichana wetu hawahitaji simu inayowanong'oneza kila siku kwamba pua zao zimekosewa.

Wauza leso, yaani kanga, nao wameanza kuulizwa kama leso inaweza "kuamka" ikielekezewa simu: jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, lisomeke kwa sauti, au muuzaji aonekane akieleza namna ya kuifunga. Inawezekana, lakini si kwa leso yoyote. Kutambua sura fulani si sawa na kutafuta sakafu. Hapa simu inalinganisha alama za kitu na picha iliyohifadhiwa, ili ijue kwamba ni hiki na kimelala upande gani. Pindo la leso hurudia ua lile lile kutoka kona hadi kona, na mji, yaani sehemu ya katikati, mara nyingi kushoto na kulia ni sawasawa. Simu inapoona sehemu ishirini zinazofanana haijui iko wapi kati ya hizo ishirini. Isitoshe leso ikishikwa mkononi ina mikunjo. Suluhisho ni rahisi: leso itandazwe au itundikwe, na alama ya kutambuliwa iwe lebo ya karatasi yenye picha isiyojirudia. Fundi wa matangazo asiyekueleza hayo mapema hajawahi kuijaribu kazi yake dukani.

Mahali ambapo mimi ningependa kuiona teknolojia hii zaidi ya popote ni Fort Jesus. Ngome ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na mwaka 1696 Waarabu wa Oman wakaizingira hadi walipoitwaa mwaka 1698. Katikati ya mzingiro huo, mwaka 1697, merikebu ya Kireno Santo António de Tanná ilizama majini karibu kabisa na ngome. Wapiga mbizi wa akiolojia waliifanyia kazi mwishoni mwa miaka ya 1970, na vitu vilivyotolewa vimo kwenye jumba la makumbusho la hapo hapo. Mgeni leo anasoma kibao, anaona mtungi ndani ya kabati la kioo, kisha anatazama bahari tupu. Hebu fikiria mwanafunzi wa darasa la sita aliyesimama ukutani, ameinua simu, anaiona merikebu mahali ilipokuwa, milingoti na mizinga yake, kwa ukubwa wake wa kweli mbele ya maji yale yale. Kuta za matumbawe zimejaa vitundu na mabaka, yaani kamera ina kila alama inayoitaka, na hakuna haja ya kubandika chochote kwenye ngome ambayo tangu mwaka 2011 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Kikwazo kipo cha jua la mchana. Skrini haionekani vizuri, na simu inayofanya hesabu nyingi juani hupata moto. Kwa hivyo kazi kama hiyo ingepangwa kwa asubuhi, au kwa vituo vilivyo kivulini.

Watu hurudia mambo kadhaa yasiyo sahihi kuhusu AR, na si yote yenye uzito sawa. Kwamba lazima uwe na miwani ya bei ghali: si kweli, ingawa miwani na helmeti zipo. Vision Pro ya Apple, iliyoanza kuuzwa Marekani Februari 2024, ilikuwa dola 3,499. Na si kila miwani yenye kamera ni ya aina hii. Miwani ya Ray-Ban Meta ya mwaka 2023 inapiga picha na kusema nawe sikioni, lakini haionyeshi chochote kwenye kioo. Kwamba inakula bando muda wote: umbo la kochi hupakuliwa mara moja, hesabu za alama hufanywa ndani ya simu yenyewe. Kinachokula ni kupakua maumbo mazito na kurusha video zako. Kwamba kamera inaweza kuona kilicho nyuma ya ukuta au chini ya nguo: haiwezi hata kidogo, na anayekuuzia programu ya namna hiyo ni mwizi. Kwamba vipimo vyake ni sawa na vya futi ya seremala: vinaweza kukosea kwa sentimita kadhaa, kwa hivyo kabla ya kukata mbao au kulipia kabati la kuingia kwenye pembe, chukua futi.

Hofu moja inastahili kujibiwa kwa utulivu zaidi, nayo ni ya sura zetu. Mwaka 2023 Wakenya wengi walipanga foleni kupigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, na Agosti mwaka huo serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Tangu hapo mtu akiambiwa simu "inasoma uso" anashtuka, na ana haki. Lakini kuna mambo mawili tofauti. Filta ya masikio ya paka inahitaji kujua kwamba huu ni uso, macho yako hapa, paji liko pale. Haihitaji kujua wewe ni nani. Mfumo wa utambulisho kama ule wa mboni unahitaji kukutofautisha na binadamu wengine wote, na kuhifadhi alama yako. La kwanza linaweza kufanyika ndani ya simu na kufutika papo hapo. Shida ni kwamba huwezi kulithibitisha kwa kutazama, na kampuni inaweza kuamua kuhifadhi. Mwaka 2022 Snap, kampuni yenye Snapchat, ilikubali kulipa dola milioni 35 kumaliza kesi jimboni Illinois kuhusu taarifa za nyuso na sauti, huku ikikana kuvunja sheria.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na humo taarifa za kimaumbile kama uso na alama za vidole zimewekwa kwenye kundi la data nyeti. Anayezikusanya anapaswa kukueleza anazitakia nini, na una haki ya kukataa na ya kutaka zifutwe. Hili linamhusu pia mwenye duka la vipodozi aliyeweka kioo cha kujaribia rangi. Akihifadhi picha za wateja, amekuwa mtunzaji wa data zao, hata kama hakulijua hilo siku alipolipia kioo.

Usalama wa barabarani ni neno moja tu: usitembee ukitazama kupitia simu. Kwenye mteremko wa feri Likoni au Mwembe Tayari penye tuktuk, mwenye macho kwenye kochi la kuchora hamwoni dereva wala anayeinyemelea simu yenyewe.

Nimebakisha la mfanyabiashara anayeletewa pendekezo. Muulize mtu wa matangazo kwanza: mteja wangu ataifungua kwa programu ya kupakua, au kwa kivinjari cha kawaida? Watu wachache watapakua programu nzima ili waone kochi moja. Pili: umeijaribu kwenye simu zipi? Simu nyingi za bei ya chini hazina uwezo wa kushika sakafu, na wenye simu hizo ndio wateja wa masoko ya Kongowea na Marikiti, kwa hivyo simu kama hiyo ikishindwa, ionyeshe angalau picha nzuri. Tatu: itakaa wapi? Januari 2025 Meta ilifunga Spark, zana yake ya kutengenezea filta, na filta zilizotengenezwa na watu wa nje na wafanyabiashara kwa Facebook na Instagram zikaondolewa. Waliokuwa wameweka kila kitu humo walibaki mikono mitupu. Kwa hivyo mkataba useme kwamba maumbo ya vipimo vitatu ya bidhaa zako ni mali yako na utakabidhiwa faili zake, ili zana moja ikifungwa uhamie nyingine bila kulipia kochi lile lile mara ya pili. Na kabla ya kutoa shilingi ya mwisho, mlete huyo fundi dukani kwako saa saba mchana, mwanga ukiingia mlangoni, umpe simu ya mfanyakazi wako, si yake, halafu umwambie aweke kitu sakafuni na akizunguke.